Ukuta wa wanyama kwenye supermarket ya Newtown: walitaka kuung'oa, nikaegesha pushchair ya mtoto chini ya ngazi

Wakuu, salaam kwenu, mlioko nyumbani na sisi tuliotawanyika.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe na sijatia chumvi. Ningekuwa natia chumvi nisingemuweka nguruwe humu ndani, maana najua kuna watu wataliona neno hilo tu waanze kunirukia. Tulieni. Someni mpaka chini, ndipo mnirukie.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Birmingham, Newtown, kwenye maghorofa ya council, yaani ya halmashauri. Elimu yangu form four, Tanga. Mume wangu yuko warehouse kule Washwood Heath kuanzia asubuhi, kwa hiyo mchana kutwa ni mimi na mtoto. Nawaambia hivi ili mjue hasira zangu huwa hazina pa kwenda mpaka jioni.

Sasa hapa mtaani kwetu kuna supermarket.

Siyo hizi kubwa mnazozijua. Zamani ilikuwa ya kampuni moja ya Kizungu, ikahama, akainunua Mhindi wa Kisumu, Muislamu, tunamwita Mzee Kassam. Mzee Kassam alipoingia hakubadilisha kitu. Wala msidhani alikuwa anatunza historia. Alitunza kwa ubahili. Taa inawaka, ya nini kuibadilisha?

Basi ukiingia mle unaingia miaka ya sabini, kabla mimi sijazaliwa.

Taa ni za duara, plastiki ya rangi ya chungwa, zinaning'inia juu kama matunda. Sakafu vigae vya kahawia na maziwa, kimoja hiki kimoja kile, vimelika pale kwenye foleni ya till, pa kulipia, mpaka unaona njia ya watu. Ukutani kuna maandishi makubwa yaliyovimba kama maandazi: BAKERY, CHEESE, FRUIT. Hakuna bakery mle. Pale penye neno BAKERY Mzee Kassam anauza unga wa sembe na muhogo mkavu. Penye CHEESE kuna mikeka.

Na huko nyuma kabisa, juu ya bucha, kuna ubao mrefu umechorwa wanyama, umekamata ukuta mzima. Ng'ombe, kondoo, kuku, samaki. Wote wamevaa aproni na kofia ya mchinjaji na wanacheka. Mtu akikuambia ng'ombe anacheka huku kavaa nguo ya anayemchinja unashangaa, lakini ukiangalia kila wiki unazoea. Mimi nilifika hadi kuwapenda.

Mnyama wa tano haonekani. Amefunikwa kanga.

Hii stori ya kanga ni ya kabla yangu, nimesimuliwa. Mzee Kassam alipofungua bucha ya halali alikuja Bi Zuhura, mama wa Kizanzibari, mtu mzima, hapa mtaani hakuna anayempinga. Akanyoosha shingo, akaona nguruwe na aproni yake anamchekea. Akasema hanunui nyama chini ya lile linyama hata apewe bure. Mzee Kassam akamweleza kwamba ubao ni mmoja, ukimkata nguruwe na wengine wote wanakuja chini. Bi Zuhura akatoka, hakuaga. Akarudi na upande mmoja wa kanga ya korosho, nyekundu, akasimama pale mpaka Mzee alipopanda akaupigilia misumari.

Jina la kanga: WEMA HAUOZI.

Juu ya bucha, wakuu. Wateja wageni wanadhani ni tangazo la nyama. Mzee Kassam hajawahi kuwasahihisha.

Sasa nije kwa mwanangu.

Anaitwa Nasra, bado hajaanza reception, lile darasa la kwanza kabisa la shule. Kazaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote, hata nikimsema na shoga yangu kwa mafumbo anaelewa. Ila kujibu, anajibu Kiingereza. Tena cha hapa hapa, ananiita "mom" kama watoto wa Birmingham, hata mama yenyewe hasemi.

Nikimpigia simu bibi yake Tanga, namshikisha simu, anasema "Hi" na kukimbia. Hi. Kwa mama yangu. Mama ananiuliza kwa upole ule unaouma, "Huyu mtoto mnamlea wapi?" Nikishakata simu nalia chooni. Sisemi mnionee huruma, nasema mjue uzito wake.

Siku moja tuko bucha, Nasra kasimama anaangalia ile kanga. Nyumbani tuna picha moja tu ya mama yangu, amejitanda kanga kichwani mpaka usoni pamebaki kidogo. Mtoto kaangalia kanga ukutani, kaangalia, halafu kwa sauti safi:

"Shikamoo, Bibi."

Mzee Kassam alikuwa anakata mbavu. Hata hakuinua macho, akajibu kwa niaba ya kanga: "Marahaba, mjukuu wangu."

Kuanzia siku hiyo ikawa ndiyo desturi. Kila tukienda, Nasra anaamkia kanga, Mzee anaitikia, halafu mtoto anawapitia waliobaki: ng'ombe, kondoo, kuku, samaki. Kwa Kiswahili. Tukitoka mlangoni tu, "Mom, can I have crisps?"

Mnaniuliza kwa nini sikumwambia ukweli kwamba anamwamkia nguruwe? Wewe ungemwambia?

Nilijaribu na nyumbani. Nikachukua kanga yangu nzuri nikaitundika ukutani juu ya simu. Nikampigia mama, nikamwambia Nasra haya, muamkie Bibi. Akaiangalia, akaniangalia mimi. "That's not Bibi," akasema. "That's the one you sleep in."

Basi nikaelewa. Ni pale tu. Ule ukuta, zile taa, harufu ya ile bucha. Nje ya pale mwanangu Mswahili hayupo.

Nimtaje na mtu mwingine, maana atahitajika mbele. Kuna mzungu mstaafu wa mtaa wa Moseley anaitwa Keith. Siku ya kwanza alipoingia na kamera, Mzee Kassam alidhani ni mtu wa afya wa council, akaanza kufuta counter kama anafukuzwa. Kumbe jamaa anapiga picha taa. Anazunguka kutafuta supermarket ambazo hazijabadilishwa ndani. Alinieleza kwamba makanisa yana walinzi wake, majumba ya wafalme yana walinzi wake, hata pub zina watu wa kuzitetea, ila supermarket haina. Kila baada ya muda mfupi kampuni inang'oa kila kitu na kuweka kipya, na hakuna anayekumbuka palikuwaje, wakati ndipo watu walipopita maisha yao yote na vikapu.

Mimi nilimcheka kimoyomoyo. Mtu mzima, kamera ya bei mbaya, anapiga picha neno CHEESE. Baadaye nikafikiri, ni kweli. Kanisa likizeeka linaheshimiwa. Duka likizeeka linachunwa ngozi.

Haya. Mwaka jana, ilikuwa baada ya Iddi, naingia dukani namkuta Imran anapima ukuta kwa tepu.

Imran ni mtoto wa Mzee Kassam. Rika langu, nywele gel, kasoma business. Kiswahili anakielewa kama Nasra anavyokielewa, na anajibu kama Nasra anavyojibu. Mzee aliwahi kuniambia Imran alikuwa akiongea Kiswahili na mama yake tu, na mama yake alishatangulia mbele ya haki.

Nikamuuliza unapima nini. Akasema wanafanya refit. Sakafu mpya, taa mpya, kuta nyeupe, na ubao wa bucha unatoka wote.

Nikamwambia unatoka kwenda wapi?

"The skip, sister. It's brown. Everything in here is brown. People think the meat's old as well."

Skip ni lile pipa kubwa la taka za ujenzi. Wakuu, nilimchana. Nilimwambia nyama ya baba yake ni mpya kuliko hiyo gel aliyopaka. Nilimwambia anataka duka liwe kama zahanati, watu waje kununua mchicha wadhani wanachomwa sindano. Watu kwenye foleni wakageuka. Yeye anaandika vipimo tu.

Nikaenda kwa Mzee. Mzee akajifuta mikono, akaniangalia kwa huruma.

"Mama Nasra, mimi nimechoka bana. Duka ni yake sasa. Nikimshika mkono leo, kesho ataniachia hii kisu niendelee mwenyewe."

Nikarudi nyumbani nimefura. Nikamwambia mume wangu. Akasema, ukuta tu huo. Jioni hiyo alijipakulia mwenyewe.

Sasa hapa ndipo nilipokosea hesabu. Nikasema kuna nguvu ya akina mama. Jumapili tukitoka darsa nikasimama, nikawaambia: jamani, Imran anataka kuvunja ukuta wa wanyama, Jumamosi twende wote tukasimame pale.

Nilidhani watakasirika.

Wakasema alhamdulillah.

Yaani walifurahi. Lile linyama hatimaye linaondoka. Mmoja akasema yeye miaka yote akinunua maini anasoma istighfari. Bi Zuhura akasema atakuja Jumamosi, ndiyo, tena mapema, maana kanga yake iko pale na anaitaka. "Ile doti, mwanangu," akaniambia. "Upande wa pili n'nao sandukuni. Kanga haikai mjane."

Kwa hiyo jeshi nililolikusanya mimi mwenyewe lilikuwa linakuja kushangilia adui. Hasira yangu siku hiyo siwezi kuiandika humu, moderator atanifungia.

Jumamosi ikafika.

Tulipoingia na Nasra nilitaka kurudi. Sakafu yote imeshang'olewa, saruji tupu, ile njia ya watu ya kwenye foleni imekwenda. Taa za duara zimejazwa kwenye toroli kama machungwa ya sokoni. Keith alikuwepo, Imran kamruhusu achukue herufi. Alikuwa ameikumbatia ile B ya BAKERY kifuani kama mtoto aliyelala, anaipeleka kwenye gari, anarudi kuchukua A. Nilimpa pole kwa kichwa tu.

Mafundi walikuwa Wapolandi wawili, wameshasimamisha ngazi bucha.

Mimi nikaenda moja kwa moja, nikamtoa Nasra kwenye pushchair, nikaiegesha chini ya ngazi, nikakanyaga brake.

"Sister, move the buggy, please," Imran akasema.

Nikamwambia sisogei. Ukitaka kupanda, panda juu ya kichwa changu.

Akina mama wamejipanga nyuma yangu, na mtu akiingia wakati ule angedhani wako upande wangu. Mafundi wakaangaliana, wakaenda kuvuta sigara. Imran akahema, akachukua ngazi ya pili, akaiweka upande wa pili wa counter, akapanda mwenyewe.

Bi Zuhura akanyanyua mikono kumpokelea. "Anza na kitambaa changu. Taratibu. Ukikichana utanijua mie nani."

Imran akang'oa msumari mmoja mmoja. Kanga yenyewe ilikuwa imechujuka, nyekundu imekuwa rangi ya chai iliyozidi maziwa, jina lake hata halisomeki. Ikateremka polepole mikononi mwa Bi Zuhura.

Na nguruwe akatokea.

Wakuu, sikilizeni. Wale wengine wote, ng'ombe sijui kondoo, miaka yote wamepigwa na taa na moshi na kufutwa na matambara, wamepauka, kuku ukimwangalia vibaya hujui ni kuku. Huyu alikuwa anang'aa. Waridi kabisa, aproni ya milia ya bluu, kofia nyeupe pe, mashavu mekundu. Utasema kachorwa asubuhi ile. Mnyama pekee tuliyemkataa ndiye pekee tuliyemtunza.

Bi Zuhura kashika kanga yake mkononi, kinywa wazi. Nilisubiri astaghfirullah. Alichosema ni hiki, na mashahidi ninao:

"Mbona kapendeza hivi?"

Akina mama wakaanza kucheka, wakaziba midomo kwa mitandio.

Nasra hakucheka. Alikuwa anaangalia pale kanga ilipokuwa.

"Mama," akasema. Siyo mom. "Mama, Bibi yuko wapi?"

Sentensi nzima ya Kiswahili, na ndiyo ya kwanza ya maisha yake. Na mimi ndiye niliyeisubiri tangu azaliwe. Ungesema nini? Bibi yuko Tanga, mwanangu, na huyu ndiye uliyekuwa unampa heshima zake?

Mtoto akamwangalia nguruwe kuanzia kofia mpaka aproni, kama anayetambulishwa kwa ndugu asiyemjua. Akafikiri. Halafu akaamua.

"Shikamoo," akamwambia.

Sasa nyie mnajua, shikamoo haiachwi hewani. Ikitoka lazima mtu aipokee. Lakini ni nani aipokee pale? Akina mama, hakuna anayetaka kumjibia yule. Nikamwangalia Mzee Kassam, ndiye mwenye kazi hiyo. Mzee alikuwa ameinamia kisu chake. Alikuwa anamwangalia mwanawe kwa chini chini.

Nasra anasubiri, shingo juu.

"Marahaba," sauti ikatoka kwenye ngazi. "Marahaba, mjukuu wangu."

Imran. Na ile gel yake. Kijana hana hata mke, kapata mjukuu. Alisema yote hivyo hivyo kwa sababu ndivyo alivyosikia ikisemwa, hajui kuikata. Lafudhi ya Birmingham, lakini kila neno lilikuwepo.

Akina mama wakacheka mpaka mmoja akakaa kwenye gunia la mchele. Imran naye akacheka, uso umemwiva. Halafu akaacha kucheka. Akakaa juu ya ngazi pale pale, magoti yamefika kifuani, uso kwa uso na ng'ombe. Akapitisha kidole kwenye pembe lililopauka.

"Ng'ombe," akasema, peke yake. Kama mtu anayeonja kitu kuona kama hakijaharibika.

Baadaye Mzee aliniambia walipoanza duka, mke wake alikuwa anamkalisha Imran juu ya ile counter na kumsomesha wanyama. Mpaka siku ile hakuwa na hakika kama mtoto anakumbuka.

Mafundi waliporudi Imran aliwaambia neno moja tu, "Not that one," akionyesha ubao. Akashuka, akaondoka kwenda store, akakaa huko muda.

Sasa nisiwadanganye kwamba tulishinda kila kitu. Duka sasa hivi ni jeupe. Sakafu nyeupe, taa nyeupe, ukiingia macho yanauma, na hili bado sijamsamehe Imran, nikimkuta till namwambia. Taa za chungwa na herufi zote ziko kwenye gereji ya Keith kule Moseley, amezifunga kwenye mablanketi, anasubiri makumbusho yoyote yamjibu. Mimi namwombea dua.

Lakini ukifika nyuma kabisa, bucha, kuna ule ubao. Keith alikuja akaufuta kwa pamba na kitu chake maalumu, siku nzima, na kuku sasa ni kuku.

Na nguruwe amefunikwa. Bi Zuhura alikwenda nyumbani akafungua sanduku, akarudi na upande wa pili wa ile doti. Nyekundu kali, korosho zinaonekana, WEMA HAUOZI unalisoma tangu mlangoni. Ule wa zamani kajitanda mwenyewe. Ukiwaona wamesimama pamoja, yeye na ukuta, huamini vitambaa vilitoka kiwanda kimoja. Nilimuuliza, si ulisema kanga haikai mjane? Akasema hii si mjane, mumewe kasafiri tu.

Funzo nililolipata ni kwamba kitu kinachobeba lugha yako hukichagui. Mimi nilinunua vitabu, nilinunua kaseti, nilitundika kanga nzuri. Mtoto akachagua ukuta wa bucha wenye mafuta. Basi ukishajua ni kipi, kisimamie, hata kama wenzako wanakuona umechanganyikiwa, hata kama ndani yake kuna kitu hamkipendi. Kifunikeni, lakini msikibomoe.

Na kama mtaani kwako kuna duka la zamani, nenda kaliangalie wiki hii. Hayasubiri.

Nasra bado nyumbani anajibu Kiingereza, msinipongeze. Ila pale bucha pana simu ya duka, imefungwa ukutani. Siku hizi Jumamosi nakwenda na kadi yangu ya simu, Mzee ananiachia, nampigia mama Tanga nikiwa pale pale. Nampa Nasra simu. Anainua uso kwenye kanga, anasema, "Shikamoo, Bibi," na kule Tanga mama yangu anaitikia kwa sauti ya mtu aliyepakuliwa chakula. Wiki iliyopita waliongea mpaka kadi ikaisha.

Mama hajui mjukuu wake anamwangalia nani wakati anamwamkia. Humu najua kuna watu wa Tanga, na Tanga yote ni ndugu. Nawaomba kwa heshima zote, hili libaki humu ndani.

Haya, rukieni sasa. Ila kwanza wenye watoto wanaojibu Kiingereza mniambie: wa kwenu Kiswahili anakisema wapi?